Chipu ya tachi na draiva ya Linux: maswali yanayorudiwa na mafundi na wanafunzi wa Dodoma

Maswali haya yanatoka kwa wanafunzi wa kompyuta wanaokamilisha miradi yao ya mwisho, kwa mafundi wa vioo hapa mjini, na kwa wanaojenga mashine ndogo za kazi: mizani ya zabibu Hombolo, kibao cha foleni cha zahanati, mashine ya kuuzia dukani. Wengi wanakuja wakiwa wameshaamua kuandika draiva mpya, yaani programu inayoiwezesha kerneli (kiini cha Linux) kuongea na kifaa. Msimamo wetu ni huu: draiva unayoitafuta mara nyingi imeshaandikwa, na kazi iliyobaki ni kuijua chipu yako kwa uhakika na kuitambulisha kwa kerneli.

Majibu yote ni ya Linux. Majina ya faili na amri yameachwa kama yalivyo kwa sababu ndivyo utakavyoyachapa.

## Kabla hujagusa msimbo

Kioo kinawaka vizuri lakini tachi haishiki. Niandike draiva?

Kioo na tachi ni vitu viwili hata kama vimegandishwa pamoja. Picha ina njia yake, HDMI au DSI, na tachi ina chipu yake na nyaya zake. Kioo kuwaka hakukuambii lolote kuhusu tachi.

Angalia tachi imeunganishwaje. Kama ni kwa USB, karibu kila mara inafuata kanuni za HID (za vifaa vya kuingizia kama kibodi na kipanya), na draiva ya `hid-multitouch` inaichukua yenyewe. Ikigoma, badilisha waya kwanza, maana nyaya za kuchajia tu, zisizo na nyuzi za data, zipo tele madukani. Kama ni tachi ya kubonyeza yenye chipu ya XPT2046 kwenye SPI, tumia draiva ya `ads7846`. Inaielewa vizuri, ila utahitaji kusawazisha vipimo vya pembe nne. Maswali yanayofuata yanahusu tachi za I2C, njia ya nyaya mbili (SDA na SCL) ya kuunganisha chipu na bodi, ambako ndiko wengi wanakwama.

Nitajuaje ni chipu gani imo ndani?

Usiamini maelezo ya muuzaji. Kioo kilekile kinaweza kuja na chipu tofauti kila mzigo unapoingia, na nembo ya kwenye boksi haibadiliki. Anza na fleksi ya tachi, ule utepe mwembamba wa nyaya: karibu na kiungio kuna chipu ndogo nyeusi, na chini ya mwanga mzuri maandishi yake yanasomeka. Kisha iulize chipu yenyewe. Orodhesha njia za I2C kwa `i2cdetect -l`, chagua ile uliyochomeka tachi, halafu:

```
i2cdetect -y 1
```

Anwani inayojitokeza inakupa fununu ya mtengenezaji. 0x38 mara nyingi ni FocalTech, 0x5d au 0x14 ni Goodix, 0x40 ni Silead, 0x41 ni Ilitek, na 0x4a ni Atmel maXTouch. Fununu si ushahidi, kwa hiyo soma rejista ya utambulisho, yaani sehemu ya kumbukumbu ya chipu inayobeba jina lake. Kwa Goodix iko 0x8140, na kwa sababu namba yake ni ya baiti mbili, `i2cget` ya kawaida haitoshi. Tumia hii:

```
i2ctransfer -y 1 w2@0x5d 0x81 0x40 r4
0x39 0x31 0x31 0x00
```

Majibu hayo ni herufi za ASCII: 0x39 ni "9", na 0x31 ni "1". Chipu imejitaja kuwa 911, yaani GT911. Andika jibu hilo kwenye daftari kabla ya kufanya kitu kingine. Kuagiza kioo kingine kutoka Kariakoo kwa sababu ya kukisia ni gharama isiyo na sababu, hata kama siku hizi mzigo unapanda treni ya SGR na kufika siku hiyohiyo.

Jana ilikuwa 0x5d, leo ni 0x14. Imeharibika?

Haijaharibika. Goodix za familia hii zina anwani mbili, na huchagua moja wakati zinapoamka. Chipu inatazama hali ya pini ya INT (inayoiarifu bodi kuwa kuna mguso) pale RESET (pini ya kuianzisha chipu upya) inapoachiliwa: INT ikiwa chini inachukua 0x5d, ikiwa juu inachukua 0x14. Pini ya INT ikiachwa inaelea bila kushikwa na mtu, anwani inakuwa ya bahati nasibu.

Draiva ya `goodix` hufanya hesabu hiyo yenyewe ikikabidhiwa pini zote mbili. Inashusha RESET kwa takriban milisekunde 20, inaiweka INT kulingana na anwani uliyoandika, inaachilia RESET, inasubiri tena, halafu inairudisha INT kuwa pini ya kusoma. Ukiipa pini ya RESET peke yake, haina namna ya kuilazimisha chipu ikae kwenye anwani unayoitaka.

i2cdetect haionyeshi kitu kabisa.

Shika testa kabla ya kibodi. Pima umeme wa chipu kwenye kiungio chenyewe, si kwenye bodi. Pima SDA na SCL: zikiwa zimetulia zinapaswa kuwa juu, karibu na 3.3V au 1.8V kutegemea bodi. Zikiwa chini, rizista za kuzivuta juu hazipo au fleksi imeingia kinyume. Mwisho pima RESET. Ikiwa imekaa chini, chipu imelala na haitajibu hata umeme ungekuwa sahihi. Hili la RESET ndilo tunalolikuta mara nyingi kuliko mengine.

Mahali pa anwani pameandikwa UU.

Kuna draiva imeshaishika anwani hiyo. Soma `dmesg`, kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli, uone ni ipi.

## Kuitambulisha chipu kwa kerneli

Kwa nini kerneli haiioni yenyewe kama inavyoona flashi ya USB?

Kifaa cha USB kinajitaja kikichomekwa. Cha I2C kinakaa kimya mpaka kiitwe kwa anwani yake, na kerneli haiendi kugonga kila mlango. Inataka barua ya utambulisho, kama mgeni anayehamia Nkuhungu na kupita kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa. Kwenye bodi nyingi za ARM barua hiyo ni mti wa vifaa, faili la `.dts`:

```
&i2c1 {
    status = "okay";

    touchscreen@5d {
        compatible = "goodix,gt911";
        reg = <0x5d>;
        interrupt-parent = <&gpio>;
        interrupts = <4 IRQ_TYPE_EDGE_FALLING>;
        irq-gpios = <&gpio 4 GPIO_ACTIVE_HIGH>;
        reset-gpios = <&gpio 17 GPIO_ACTIVE_HIGH>;
        touchscreen-size-x = <1024>;
        touchscreen-size-y = <600>;
    };
};
```

Mstari wenye uzito ni `compatible`, kwa sababu ndio unaoamua draiva gani iitwe. Mtego uko kwenye `reset-gpios`. Draiva ya Goodix inataka `GPIO_ACTIVE_HIGH`, wakati ile ya FocalTech, `edt-ft5x06`, inataka `GPIO_ACTIVE_LOW`. Anayenakili kipande cha kioo kimoja na kukibandika kwenye kingine anaiweka chipu kwenye usingizi wa kudumu, kisha anarudi kwenye swali la i2cdetect hapo juu. Kila draiva ina maelezo yake ndani ya `Documentation/devicetree/bindings/input/touchscreen/`. Yasome kabla ya kunakili chochote.

Kwa Raspberry Pi usiandike hata mstari mmoja kabla ya kujaribu `dtoverlay=goodix` ndani ya `config.txt`. Inategemea INT iko GPIO 4 na RESET iko GPIO 17, na zote mbili zinabadilishika.

Chipu yangu ni ndugu wa chipu inayotambuliwa. Naongeza wapi jina lake?

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na mara nyingi ni mistari michache. Draiva nyingi za tachi za I2C ziko `drivers/input/touchscreen/`. Fungua ile ya familia yako utafute majedwali mawili: la `of_device_id`, linalosomwa na mti wa vifaa, na la `i2c_device_id`. Tazama FT6236 ilivyoingizwa kwenye `edt-ft5x06.c`:

```
static const struct edt_i2c_chip_data edt_ft6236_data = {
	.max_support_points = 2,
};

{ .compatible = "focaltech,ft6236", .data = &edt_ft6236_data },
{ .name = "ft6236", .driver_data = (long)&edt_ft6236_data },
```

Kilichohitaji kusemwa kuhusu chipu hiyo ni kwamba inasoma vidole viwili. Mengine yote, kuanzia kuwasha umeme hadi kuripoti mguso, draiva ilikuwa inayajua tayari.

Kwenye `goodix.c` kuna jedwali la tatu, `goodix_chip_ids`. Draiva inasoma herufi za utambulisho kutoka kwenye chipu, kama ulivyofanya kwa mkono, inazitafuta humo, na kutoka hapo inajua mipangilio ya chipu inaanzia rejista gani. GT911 na wenzake wanaanzia 0x8047. Kundi la GT1151 linaanzia 0x8050. Chipu isiyo kwenye jedwali inachukuliwa kama GT967. Kwa hiyo GT mpya inaweza kuonekana imekubalika, `dmesg` ikaonyesha namba yake bila malalamiko, halafu vipimo vya kioo vikatoka vya ajabu. Hapo kerneli inasoma mipangilio kutoka rejista isiyo yake. Tafuta anwani sahihi kwenye karatasi ya mtengenezaji, ongeza mstari, jaribu tena.

Tunalotaka kila anayeanza alishike ni hili: udugu uthibitishwe kwenye rejista. Linganisha rejista ya hali, muundo wa baiti za kila kidole, na mfuatano wa kuamka. Vikilingana vyote vitatu, ongeza jina. Kimoja kikitofautiana, ongeza jina pamoja na tofauti hiyo ndani ya muundo wa data wa chipu. Usitawanye `if` kila kona ya draiva.

Ni lini basi draiva mpya inahitajika?

Pale mazungumzo yenyewe yanapokuwa tofauti: taarifa zinakuja kwa mpangilio usiofanana na familia yoyote, au chipu inataka kupakiwa programu kwa utaratibu wake. Hata hapo usianze na faili tupu. Chukua draiva fupi iliyopo, isome mpaka uielewe, ujenge juu ya mifupa yake.

Kwa nini draiva zinatumia devm_request_threaded_irq? Si ningesoma I2C pale pale INT inapopiga?

Kusoma I2C kunahitaji kusubiri, na ndani ya kishughulikizi cha moja kwa moja, kinachoendeshwa papo hapo INT inapopiga, hairuhusiwi kusubiri. Ukilazimisha, kerneli itakupigia kelele za "scheduling while atomic", au mashine yote itaganda. Kazi inahamishiwa kwenye uzi wake (thread), na bendera ya `IRQF_ONESHOT` inaufunga mlango wa INT mpaka uzi umalize.

Najengaje bila kupakua na kujenga kerneli nzima?

Historia kamili ya kerneli ni gigabaiti kadhaa, na mwanafunzi wa hosteli anayetegemea bando la simu haihitaji. `git clone --depth 1` inachukua hali ya sasa peke yake. Kwa majaribio unahitaji vichwa vya kerneli unayoendesha, faili la draiva, na Makefile ya mstari mmoja, `obj-m += edt-ft5x06.o`:

```
make -C /lib/modules/$(uname -r)/build M=$PWD modules
```

Chukua faili la draiva kutoka toleo lilelile la kerneli iliyo kwenye bodi. Matoleo yakipishana utapambana na makosa ya ujenzi yasiyohusiana na chipu yako. Goodix inajengwa kwa faili mbili, `goodix.c` na `goodix_fwupload.c`, zinazounda moduli ya `goodix_ts`, kwa hiyo Makefile yake iandikwe hivyo.

## Inashika, lakini inakosea

Nikigusa kushoto inajibu kulia, au juu imekuwa pembeni.

Usiguse msimbo. Mti wa vifaa una `touchscreen-inverted-x`, `touchscreen-inverted-y` na `touchscreen-swapped-x-y`. Endesha `evtest`, programu inayoonyesha kila mguso kwa namba, gusa pembe moja baada ya nyingine, uandike namba unazoziona.

Kerneli inageuza kwanza, kisha ndiyo inabadilishana X na Y. Kwa hiyo "inverted-x" ni X ya chipu, si X unayoiona wewe baada ya kulaza kioo. Wengi wanaongeza na kutoa mistari hii kwa kubahatisha hadi usiku, na ni utaratibu huo tu wasioujua.

Nikiinua kidole mguso unabaki, au tachi inashika mara moja kisha inakufa.

Kwa Goodix tazama rejista ya hali, 0x814E. Biti ya juu kabisa inasema taarifa iko tayari, na biti nne za chini zinataja idadi ya vidole. Baada ya kusoma ni lazima uandike sifuri humo, la sivyo chipu inaamini hujachukua taarifa na haileti nyingine. Ukiandika draiva yako ukasahau sifuri hiyo, mguso wa kwanza ndio utakuwa wa mwisho.

Mguso unaobaki baada ya kidole kuondoka kwa kawaida unatokana na kutofunga fremu, yaani kundi moja la taarifa za vidole. Anzisha nafasi za vidole kwa `input_mt_init_slots` ukiweka `INPUT_MT_DIRECT | INPUT_MT_DROP_UNUSED`, na kila taarifa ifungwe kwa `input_mt_sync_frame` kisha `input_sync`. Kidole ambacho hakikutajwa kwenye fremu kitaondolewa chenyewe.

Tachi inajibonyeza yenyewe.

Draiva ni ya mwisho kushukiwa. Chomoa chaja, endesha kwa betri, utazame `evtest`. Ikitulia, kelele inatoka kwenye umeme. Chaja za bei nafuu zinapitisha kelele ambayo tachi ya kuhisi chaji inaiona kama kidole. Badilisha chaja na uhakikishe boksi la chuma limeungana na waya wa chini wa bodi.

Kiangazi cha Dodoma kinaongeza mawili. La kwanza ni vumbi. Vumbi kavu juu ya tachi ya kuhisi chaji halisumbui sana, lakini anayelifuta kwa kitambaa chenye maji anaacha tope jembamba, na tope hilo linasomeka kama mguso mpaka likauke. La pili ni la tachi za kubonyeza. Punje za mchanga zinaingia kati ya fremu na ukingo wa kioo, zinaukandamiza, na `evtest` inaonyesha mguso usiokoma pembeni palepale. Tumefungua mashine zilizokaa sokoni tukakuta mchanga huo umejipanga ukingoni kama mstari. Fungua fremu, safisha kwa brashi kavu, weka ukanda wa sponji.

Namba hizi za makosa kwenye dmesg zina maana gani?

-121 na -6: hakuna aliyejibu kwenye anwani hiyo, rudi kwenye swali la i2cdetect. -110: muda umeisha, mara nyingi njia ya I2C imeng'ang'aniwa chini. -16: pini uliyoitaja ina mwenyewe tayari. -517 si kosa: draiva inasubiri kitu kingine, kama chanzo cha umeme, kiwe tayari ndipo ijaribu tena. Ikirudia bila kukoma, kitu hicho hakiji, na jina lake utalikuta kwenye mti wako wa vifaa.

Kila kitu kiko sawa ila INT haipigi.

Tazama `/proc/interrupts` huku ukigusa kioo. Hesabu isipopanda, umetaja pini isiyo sahihi. Ikipanda bila mguso kuonekana, soma jibu la rejista ya 0x814E.

Mashine ikilala na kuamka, tachi haiamki.

Kwa Goodix usingizi unahitaji pini zote mbili, `irq-gpios` na `reset-gpios`. Zikiwepo, draiva inaandika 0x05 kwenye rejista 0x8040 ili chipu ilale, na kuiamsha inaipandisha INT kwa milisekunde 2 hadi 5. Zisipokuwepo inazima INT tu na chipu inaendelea kula betri. Tachi inayokufa baada ya kulala mara nyingi ni ile ambayo umeme wake ulikatwa kabisa ikapoteza mipangilio.

## Kuipeleka kazi kwenye kerneli

Kwangu inafanya kazi. Kwa nini nihangaike kuituma?

Kwa sababu kerneli inabadilika ndani. Mfano, tangu toleo la 6.1 kitendo cha `.remove` cha draiva za I2C hakirudishi thamani, na draiva zilizokaa nje ya kerneli zilikataa kujengwa mpaka wenyewe waziguse. Zilizokuwa ndani zilirekebishwa na aliyefanya mabadiliko. Na kuna fundi wa Kongwa au Mpwapwa atakayenunua kioo kilekile mwakani. Mistari yako ikiwa ndani, ataichomeka na itashika. Tunalijali hili kuliko mengine yote kwenye ukurasa huu.

Natuma vipi?

Msimamizi wa vifaa vya kuingizia kwenye Linux ni Dmitry Torokhov. Kazi inatumwa kwa barua pepe ya maandishi matupu, kwa `git send-email`. Usiambatishe faili. Pitisha kiraka chako (patch, yaani mabadiliko uliyofanya) kwenye `scripts/checkpatch.pl`, kisha `scripts/get_maintainer.pl` ikupe majina ya wote wanaopaswa kukipata. Jina jipya la `compatible` liwe kiraka chake kwenye maelezo ya mti wa vifaa, na draiva kiraka cha pili. Kichwa kifuate desturi ya faili, mfano "Input: goodix - add support for", kikifuatiwa na jina la chipu.

Maelezo yaseme umejaribu kwenye bodi gani na chipu imejitaja vipi. Malizia na `Signed-off-by` yenye jina lako. Ukirudishiwa masahihisho, huo ni utaratibu wa kila mtu: rekebisha na utume v2.

Nina draiva ya mtengenezaji iliyotoka kwenye kishikwambi cha Android. Naweza kuinakili?

Soma leseni juu ya faili. Ikiwa ni GPL-2.0, inaruhusiwa ukihifadhi majina ya wenye haki. Lakini draiva hizo huwa na maelfu ya mistari isiyohitajika, na wasimamizi hawazipokei zilivyo. Itumie kama chanzo cha taarifa: anwani za rejista, muda wa kusubiri, mfuatano wa kuamka. Karatasi uliyopewa kwa makubaliano ya siri usiitumie mpaka aliyekupa akuruhusu.

## Kesi za pembeni

Kishikwambi changu cha Silead kinatambuliwa lakini hakishiki.

Chipu nyingi za GSL hazihifadhi programu yao ya ndani, zinapakiwa upya kila zinapowashwa. Draiva ya `silead` inatafuta faili ndani ya `/lib/firmware/silead/`, na faili hilo linatofautiana kwa kila modeli ya kioo. Wenye haki wengi hawajaruhusu lisambazwe, kwa hiyo utalitoa kwenye mfumo uliokuja na kishikwambi chako. Kwa vishikwambi vya Intel, jina la faili na vipimo vya kioo vinaongezwa kwenye `drivers/platform/x86/touchscreen_dmi.c`, na draiva yenyewe haiguswi.

Naweza kuweka tachi mbili za GT911 kwenye njia moja ya I2C?

Ndiyo, mbili na si zaidi, moja 0x5d na nyingine 0x14. Kila moja iwe na INT yake na RESET yake. Kwenye RESET usibane matumizi ya pini, kwa sababu anwani inachaguliwa pale RESET inapoachiliwa. Kila moja pia iwe na kipande chake kwenye mti wa vifaa.

Kinachobaki ni kuzitofautisha, maana zote mbili zitajitaja kwa jina moja, "Goodix Capacitive TouchScreen". Andika kanuni ya udev (huduma ya Linux inayosimamia vifaa) inayosoma njia ya kifaa, `1-005d` au `1-0014`, na kila tachi uifunge kwenye kioo chake kupitia njia hiyo.